Jiwe Jeusi la Daktari wa Mahindi

Ninayo sentensi moja tu iliyowahi kuchongwa kwenye jiwe, nayo ni ya uongo. Inaanza kwa maneno "Katika nyumba hii". Ukitaka kuisoma, panda barabara ya Kaptagat kutoka Eldoret, uliza josho la ng'ombe lilipo, kisha uchuchumae kando ya ukuta wake. Nyumba hutaiona. Hakuna nyumba.

Na si kwamba sikusomea kuandika. Nina shahada mbili za fasihi kutoka chuo kikuu kule Kesses, na nilipomaliza ya pili niliwaambia wenzangu kwamba nitaandika riwaya tatu kabla sijafika miaka arobaini. Arobaini imepita, hamsini iko mlangoni, na ninachoandika ni historia za marehemu. Kila wiki kuna simu. "Mwalimu, tumepatwa. Tunataka kurasa mbili kufikia Alhamisi, za kuweka kwenye programu." Sijawahi kufundisha popote, lakini mtaani kwetu Pioneer mtu mwenye miwani na vitabu huitwa Mwalimu atake asitake. Naenda, naketi na wafiwa, nasikia kwamba marehemu hakuwahi kurudisha jembe la mtu, nami naandika kwamba alipenda kushirikiana na majirani katika kilimo. Kazi hiyo naijua. Kwa hiyo mwenyekiti aliponitafuta, hakukosea mlango.

Mwenyekiti huyu ni dalali wa mashamba mjini, mwanaume wa rika langu ambaye hajawahi kuonekana bila koti la suti, hata kwenye kuvuna. Baba yake alikuwa ndugu wa Daktari wa Mahindi. Watu wakisikia habari za mtu mashuhuri kutoka kwetu hudhani moja kwa moja ni mkimbiaji. Daktari wa Mahindi hakuwahi kukimbia hata mvua. Katika kila picha yake amesimama katikati ya shamba, maji yakimchuruzika usoni, akilitazama jani la mhindi kama anayesoma barua ya mpenzi. Alikuwa profesa wa mbegu. Mahindi yetu yalipopatwa na ule ugonjwa wa kunyauka, yeye ndiye aliyeleta mbegu iliyosimama, na wakulima wetu wengi waliila, wakaiuza na kusomesha watoto nayo. Alipofariki, mazishi yake yalifunga barabara.

Basi, kwetu kamati ya mazishi haivunjwi kwa sababu tu maiti imezikwa. Watu wameshazoea vikao, wameshazoea chai na mandazi, na wameshajuana nani ni katibu. Kamati ya Daktari ilikaa wiki mbili bila kazi, kisha ikapata wazo: kuweka kibao cha ukumbusho mahali alipozaliwa. Baada ya kibao, makumbusho. Baada ya makumbusho, mwenyekiti alisema, watalii, mkahawa na maegesho.

Mahali penyewe palikuwa nyumba kuukuu ya mbao na udongo kwenye shamba la familia, paa lake la mabati limeliwa na kutu. Ndani aliishi dada mkubwa wa Daktari. Huyu mama aliolewa akiwa msichana, ndoa ikamshinda, akarudi kwa wazazi bila mtoto, na tangu hapo hajatoka. Amewazika wazazi kutoka nyumba hiyo, amemzika kaka wa pili, baba yake mwenyekiti, na sasa Daktari. Lakini hati ya shamba ilishapita kwa wanaume, na mwenyekiti ndiye mwanaume aliyebaki. Akampangia shangazi yake chumba nyuma ya maduka ya kituoni, chenye vigae na mfereji wa ndani. Nilikuwepo siku alipomweleza.

"Shangazi, makumbusho haiwezi kuwa na mtu anasonga ugali ndani. Huko utakuwa na tap. Utafungua tu hivi, maji."

"Na kuku?"

"Landlodi haruhusu kuku."

"Landlodi ni nani?"

Mwenyekiti alirekebisha koti. "Ni mimi, Shangazi."

Mimi nilitazama viatu vyangu, jambo ninaloliweza vizuri, kisha nikaenda nyumbani nikaandika: "Katika nyumba hii alizaliwa," jina lake, "msomi mashuhuri na mtumishi wa mkulima." Siku ambayo kibao kingefunuliwa na ofisa kutoka Nairobi akasaini fomu ya kuisajili nyumba, ndiyo siku ambayo yule mama angefunga virago. Hilo sote tulilijua. Kamati iliijadili sentensi yangu alasiri nzima. Walibishana iwe "mashuhuri" au "mashuhuri duniani", kama "mtumishi" halimshushi hadhi, na kama jina la mwenyekiti laweza kuongezwa chini kwa herufi ndogo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu "nyumba hii". Nami pia sikuuliza. Nilikuwa nikiipigania "mkulima" isiwe "wakulima".

Jiwe likachongwa mjini, kwa jamaa anayechonga ya makaburini, maana mwingine hatuna. Lilirudi jeusi, zuri, linang'aa, na kwenye pembe ya juu kuna mikono miwili iliyokutana kwa sala. Hatukuiagiza. Mchongaji alisema mkono wake umezoea.

Asubuhi ya sherehe nilifika mapema. Ningependa kusema nilienda kusaidia kupanga viti, lakini ukweli ni kwamba nilienda kujisoma. Mahema yalikuwa yameshasimamishwa, na emsii alikuwa akihesabu moja, mbili, moja, mbili kwenye maspika kana kwamba tatu imepigwa marufuku. Fundi, mwanaume mpole aliyekuja kutoka upande wa ziwani zamani akabaki huku akijenga, alikuwa ukutani kando ya mlango na drili mkononi. Jiwe lilikuwa limeshapanda. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaisoma sentensi yangu mara mbili, nikaona ni nzuri.

"Mwalimu," fundi akasema bila kugeuka, "mimi nauliza tu. Hii jina yenu, si ni ya mtoto wa kuzaliwa nje?"

Hapa lazima nieleze. Kwetu jina la mtoto hutoka kwenye saa au mahali alipozaliwa. Wa mvua ana jina lake, wa usiku ana lake. Langu linasema kwamba mbuzi walikuwa wakirudi zizini. Na kuna jina la yule aliyemwahi mama yake, akazaliwa nje, juu mbingu tupu na chini nyasi. Nusu ya wanaume ninaowajua wanaitwa hivyo. Daktari aliitwa hivyo. Jina lilikuwa kwenye vyeti vyake, kwenye magunia ya mbegu, kwenye msalaba wake, na sasa kwenye jiwe langu, likifuata maneno "Katika nyumba hii alizaliwa". Tulikuwa tumekaa kwenye kamati watu kumi na mmoja waliokunywa lugha ya jina hilo pamoja na maziwa ya mama, mmoja wao akiwa na shahada mbili, tukalisoma hilo jina alasiri nzima bila kulisikia.

"Hata sisi watu wa ziwa tuko nayo," fundi aliendelea. "Brother yangu anaitwa hivyo. Mathe alikuwa anatoka kuteka maji. Sasa huyo hatujawahi mwonyesha nyumba. Tunamwonyesha njia tu."

"Jina linaweza kuwa jina tu," nikasema.

"Sawa, Mwalimu. Mimi ni wa skurubu."

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevalishwa fulana ya kamati yenye uso wa ndugu yake, na juu ya fulana ameweka sweta lake la kila siku, kwa hiyo Daktari alichungulia kwa jicho moja tu. Alikuwa akiwamwagia kuku punje.

"Mama, naomba kukuuliza. Daktari alizaliwa wapi?"

"Wewe ndiye uliandika lile jiwe?"

"Ndiyo mimi."

"Na unaniuliza leo."

Nikawatazama kuku.

"Mbona hukuwaambia, Mama?"

"Nimwambie nani? Huyo mtoto wa ndugu yangu? Nilimwambia paa inavuja, akaniambia makumbusho itawekwa paa mpya. Nikisema jikoni watanisikia kuku." Akakung'uta viganja. "Leo kuna maspika. Nimeambiwa yanasikika mpaka kwa chifu."

"Wamekupa nafasi ya kuongea?"

"Kuongea hawajanipa. Wamenipa sala ya kufungua."

Mtu mwenye uti wa mgongo angekwenda pale pale kwa mwenyekiti akamwambia sherehe isimame. Nilimwona mwenyekiti akimpokea mgeni rasmi, yule ofisa wa Nairobi, mama wa makamo mwenye viatu vyeupe na faili chini ya kwapa, nikaamua kwamba ni vibaya kukatiza watu wakisalimiana. Nikatafuta kiti safu ya nne, nyuma ya mtu mnene.

Emsii alitutambua wote, mmoja mmoja, kisha akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena upya kwa sababu chifu alikuwa ameingia. Mwishowe akasema: "Sasa tusimame wote, tuvue kofia, dada yake Daktari atukabidhi mikononi mwa Mungu."

Tukasimama. Mwenyekiti akainamisha kichwa kuliko sisi sote. Mama akashika maikrofoni kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kibuyu kilichojaa.

"Mungu Baba," akaanza, "asante kwa siku ya leo. Asante kwa wageni, hata wa Nairobi. Asante kwa ndugu yangu. Baba, wewe ulikuwepo siku ile alizaliwa. Wengine wote wameenda. Tumebaki wewe na mimi."

"Amina," watu wakasema, wakidhani ni mahali pake.

"Unakumbuka, Baba, mama alikuwa anachuma pareto kwa mzungu. Unakumbuka nilikuwa nimembebea kikapu. Akaniambia nikimbie niite wanawake. Nikakimbia. Nikirudi nao, mtoto ameshakuja, amelala kwenye mtaro, juu ya kikapu cha pareto, analia. Ndiyo akapewa hiyo jina yake. Wewe uliona, Baba. Ilikuwa pale chini penye josho, kabla haijakuwa josho."

Kitu kikatembea ndani ya hema. Vichwa vilikuwa bado vimeinama, lakini macho yalikuwa wazi. Safu ya mbele mtu alianza kucheka akageuza kuwa kikohozi. Mwenyekiti aliinua uso, akaushusha, akauinua tena. Alikuwa amenaswa. Kwetu unaweza kumkatiza chifu, unaweza hata kumkatiza askofu akihubiri ikiwa mvua inakuja, lakini mtu anayeomba hakatizwi. Alisubiri mpaka mama aliponyamaza kuvuta pumzi, akanyoosha mkono na kuichukua maikrofoni kwa upole wa mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Amina, amina. Asante sana Shangazi. Mnajua umri nao... Tena wageni wetu wajue, siku hizi jina mtu anarithi. Kuna watu wako hapa wamezaliwa maternity kabisa na wanaitwa hiyo jina, ni ya babu. Ama ni uongo, emsii?"

Emsii, ambaye naye anaitwa jina hilo, akakiri kwamba alizaliwa wodini, kitanda cha dirishani. Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, na nikaona jiwe langu limepona. Nilifurahi, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Kwa muda wa kama pumzi mbili, moyo wangu ulikuwa upande wa sentensi.

"Bado sijasema Amina," mama akasema.

Hakuwa na maikrofoni, lakini alisikika. Watu wakatazamana. Kisha chifu, mwanaume mcha Mungu, akavua kofia yake tena na kuinamisha kichwa. Kikafuata kichwa cha mgeni rasmi, kisha safu nzima, kisha hema. Mwenyekiti alibaki peke yake amenyoosha shingo. Ikabidi airudishe maikrofoni na kufumba macho.

"Baba," mama akaendelea, pale pale alipoachia, "wanasema katika nyumba hii. Unisamehe, lakini nyumba hii nimeikandika mimi. Huu ukuta wenye wamebandika jiwe, huo udongo nimeutoa mtoni na kichwa changu, na huyo mtoto alikuwa mgongoni kwangu, ameshaota meno, ananiuma bega. Mtu anazaliwaje kwa nyumba na bado anasaidia kuijenga? Mimi sikusoma. Wasomi wako hapa, watatuambia." Sikuthubutu kuinua macho. "Na kuku wangu, Baba, uwalinde. Na mwenye kutaka kuniondoa umpe moyo mwingine, hata wa mtumba. Amina."

"Amina!" hema lote likaitikia, na safari hii hakuna aliyedhani.

Mgeni rasmi akafungua faili lake. Alisema kwa sauti ya ofisi, na nilimpenda kwa hilo, kwamba fomu ina mstari unaouliza mahali hasa pa kuzaliwa. "Bwana mwenyekiti, siwezi kusaini nyumba. Hata mimi nilikuwa kwenye sala."

"Madam, tunaweza kuongea kidogo pembeni?"

"Twende josho tukaongelee huko, na jiwe lije."

Basi msafara mzima ukateremka. Kilima kilikuwa kimeloa, na ng'ombe walikuwa wamepita asubuhi hiyo, wakaacha saini zao kila mahali. Mgeni rasmi alivua viatu vyeupe akavibeba. Emsii alifuata nyuma na spika moja ya betri, akiendelea kuwatambua watu. Nilidhani kung'oa jiwe kutachukua siku nzima, na mwenyekiti naye alidhani hivyo, kwa maana alisema mara mbili kwamba haliwezi kung'oka, limeshashika. Fundi alikuwa ameshatufikia, jiwe begani.

"Hukutia simenti?" nikamuuliza kwa siri.

"Skurubu mbili tu, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Si nilikuuliza asubuhi."

Akalifunga kwenye ukuta wa josho, chini kidogo, kwa sababu juu zege lilikuwa limepasuka. Pazia jekundu la kule nyumbani likapachikwa tena. Mgeni rasmi akalivuta, akainama, akasoma kwa sauti ya kufaa: "Katika nyumba hii..." Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kulikuwa na josho, nyasi, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyesahauliwa na wenzake. Akamalizia sentensi haraka haraka na kuanza kupiga makofi mwenyewe. Tukapiga makofi. Watu wetu hupiga makofi kwa jiwe lolote likifunuliwa.

Kamati iliahidi kwamba jiwe litachongwa upya. Lakini mwezi haukwisha kabla mzee mwingine wa maana hajafariki, kamati ikapata kazi, na jiwe likabaki. Wanafunzi huletwa hapo na walimu wao. Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja akiwaeleza kwamba nyumba yenyewe ilibomolewa na mzungu kwa wivu. Juzi mzee mmoja wa hapo jirani, ambaye siku ya sala alisema Amina kuliko watu wote, aliniambia anaikumbuka vizuri ile nyumba ya joshoni, na mlango wake ulitazama mashariki. Riwaya sikuandika, lakini nyumba nimejenga.

Mwenyekiti si mtu wa kukata tamaa. Wiki kadhaa baadaye fundi na mimi tulikuwa juu ya paa la mama, tukiziba mahali palipokuwa pakivuja. Namaanisha kwamba fundi aliziba na mimi nilishika ngazi, kisha nikaruhusiwa kupanda na kushika mabati. Hakuna aliyeniita. Nilimpigia fundi simu nikamwambia nataka kusaidia, akauliza kama wasomi wanajua nyundo. Gari la mwenyekiti likaingia uani. Alishuka na koti lake na futi ya kupimia.

"Shangazi, habari ya asubuhi. Nimekuwa nikifikiria. Kuzaliwa tuliteleza, nakubali. Lakini kulelewa je? Amelelewa hapa. Hapo huwezi kukataa hata kwa sala. Tunaweka jiwe lingine: Katika nyumba hii alilelewa."

Mama alikuwa akianika maharagwe kwenye gunia. Hakusimama haraka. Alisimama kidogo kidogo, kama asimamavyo mtu wa miaka yake, akamgeuzia mpwa wake mgongo, akauinamisha.

"Alilelewa hapa," akasema. "Leta skurubu."

Mwenyekiti alibaki ameshika futi. Akautazama mgongo ule, uliopinda, wenye sweta lililotoboka begani. Kisha, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama, akainua macho akaniona.

"Mwalimu! Kumbe uko huko juu. Si ungetusaidia hapa na maneno?"

Nilimwambia maneno yameisha, nikamwomba fundi msumari.